Mtu wa Kwanza Kuambiwa

Hotuba kwa wakazi wa Majengo na mitaa jirani, Mombasa. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikatia ndani majibu ya maswali mawili matatu yaliyoulizwa baadaye.

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe kwa ndugu zetu Wakristo. Hamjambo nyote.

Wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu, Bwana Chifu, walimu, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu alasiri hii.

Nimealikwa nizungumze juu ya bughudha na unyanyasaji wa kingono mtaani kwetu, na namna ya kuripoti. Mikutano ya aina hii ina mazoea yake. Wasichana huambiwa wavae vipi, wapite njia gani, warudi nyumbani saa ngapi. Kisha hutajwa nambari ya simu, picha hupigwa, soda hunywewa, watu huenda zao. Mimi leo sina neno lolote la kuwaambia wasichana kuhusu nguo zao. Nimekuja kuzungumza na ninyi wengine: mama, shangazi, jirani, mwalimu wa madrasa, kiongozi wa kwaya, rafiki wa darasani, mfanyakazi mwenzake. Ninyi ndio mnaoambiwa kwanza.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa jamii. Kazi yangu ni kumsindikiza mtu hospitali, kituo cha polisi na mahakamani. Ninapomuuliza ninayemsindikiza, ulimwambia nani mwanzo, karibu hakuna anayenitajia polisi. Hunitajia mama yake, aliyekuwa jikoni akikaanga mahamri. Hunitajia dada yake waliyelala kitanda kimoja. Hunitajia jirani waliyekuwa wakifua pamoja uani. Nikiuliza, naye alikujibu nini, ndipo ninapoinamisha kichwa. "Nyamaza, baba yako asisikie." "Na wewe ulikuwa ukitafuta nini huko?" "Yule ni mtu mzima na heshima zake, pengine alikutania tu." Mambo mengi hufia hapo jikoni, kabla polisi hajafungua kitabu chake.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 13 kati ya kila 100 nchini Kenya wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono maishani mwao. Kwa wanaume ni 7 kati ya 100. Hao ni wale waliokubali kumjibu mgeni aliyebisha hodi na karatasi mkononi. Angalieni ukumbi huu ulivyojaa, kisha hesabuni wenyewe. Waliofanyiwa wamo humu humu, na walioambiwa wakanyamaza pia wamo.

Sasa, ili usikie vizuri unapoambiwa, lazima ulijue jambo lenyewe likiwa bado dogo. Sote tunajua kubakwa ni kubakwa. Penye shida ni huku chini, kwenye yale tunayoyaita utani, mazoea, ujana, au "wanaume ndivyo walivyo."

Tuanze na Likoni, kwa kuwa sote tunavuka. Feri hubeba zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Lango likifunguliwa jioni, watu wamesukumana, mkono wa mtu unamshika msichana makalio, akigeuka anaona nyuso ishirini zote zinatazama mbele. Au stejini Mwembe Tayari, makanga anamvuta mama kwa kiuno ati anamsaidia kupanda gari. Watu hucheka. Sheria haicheki. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema kumgusa mtu mzima kwa makusudi, bila ridhaa yake, kwenye matiti, makalio au sehemu za siri, ni kitendo cha aibu chenye adhabu ya kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 50,000, au vyote viwili. Kwa mtoto, adhabu ni kali zaidi ya hapo. Na matatu si gari lisilo na mwenyewe. Kila moja iko chini ya sako, yaani chama cha ushirika cha wenye magari, au kampuni, ina nambari, ina mtaa inaotoka. Ukiandika nambari ya gari, saa na steji, umempa mwenyekiti wa sako jambo ambalo hawezi kusema hakuliona, na umempa polisi pa kuanzia. Abiria mwingine anaweza kuliandika hilo. Si lazima aliyeshikwa, ambaye wakati huo anatetemeka, ndiye atafute kalamu.

Kuna bughudha isiyo na mguso. Kijana akisema "mambo, dada", akaitikiwa au asiitikiwe, akaendelea na yake, hajamdhuru mtu. Yule anayeteremka barazani akamfuata hadi kwenye kona, anayerudia kesho na keshokutwa, anayemtukana asipoitikiwa, anayemwambia "najua unapoishi", huyo ameshatoka kwenye salamu zamani. Nawaombeni mtazame mambo matatu. Je, anayesemeshwa ameonyesha hataki, kwa maneno au kwa kukimbiza hatua? Je, mwenzake ameacha? Na je, huyu anaweza kuondoka bila kupoteza kitu, yaani kazi, nyumba, masomo, huduma, au usalama wake? Hilo la tatu ndilo tunalolisahau sana, nami nataka tukae hapo kidogo.

Twendeni Shimanzi. Chai ya Kenya na ya nchi jirani hupigwa mnada hapa Mombasa, na kabla ya kupakiwa melini hukaa kwenye maghala, ikachanganywa, ikatiwa magunia. Kazi nyingi za maghala hufanywa na vibarua, na miongoni mwao kina mama ni wengi. Alfajiri wako langoni. Nyapara anatoka na orodha anaita majina. Asiyeitwa anarudi nyumbani kwa miguu. Sisemi kila ghala lina uovu, wala kila nyapara ni mbaya, kwani nimekutana na waungwana miongoni mwao. Nasema utaratibu wenyewe unamweka mama mikononi mwa mtu mmoja kila asubuhi, na mtu huyo akiwa hana haya, hana haja ya kumgusa. Anasema tu, "Leo jioni nipitie." Mama hapiti. Kesho jina haliitwi. Keshokutwa haliitwi. Anamwambia jirani yake, na jirani anamjibu, "Dua la kuku halimpati mwewe, wewe tafuta ghala jingine."

Ndugu zangu, jambo hilo lina kifungu chake. Kifungu cha 23 cha ile ile sheria ya 2006 kinamhusu mtu mwenye mamlaka, au mwenye wadhifa wa umma, anayerudia kumtaka mwingine kingono hali anajua, au ana kila sababu ya kujua, kwamba hatakiwi. Ikiwa kukubali au kukataa kunafanywa kuwa msingi wa kupewa kazi, au wa kupata huduma ambayo ni haki ya mtu, au kunaharibu mazingira ya kazi na ya masomo, hilo ni kosa la jinai. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Nalisema mbele ya Bwana Chifu, naye ananitikisia kichwa: afisa anayemcheleweshea binti kitambulisho mpaka "waonane kando" yumo ndani ya kifungu hicho. Mwalimu wa chuo anayeshika alama za mtihani yumo pia.

Lakini sikilizeni neno moja ndani yake. Kurudia. Mahakama itataka kuonyeshwa kwamba mtu huyu alirudia, na kwamba alijua hatakiwi. Hapo ndipo wewe jirani unapoingia. Siku ya kwanza unapoambiwa, usiseme tafuta ghala jingine. Sema, tuandike. Leta daftari la mtoto la shule. Tarehe, saa, maneno yenyewe kama alivyoyasema, Kiswahili chake kile kile hata kama ni kichafu. Nani alikuwa karibu. Jina liliitwa au halikuitwa. Wiki mbili za daftari kama hilo zina nguvu kuliko machozi ya mwaka mzima, na mama aliyechoka kwa kubeba magunia hawezi kulitunza peke yake. Mtunzie.

Na kwa wenye kazi za mikataba, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, akiwa ameshauriana na wafanyakazi wenyewe. Iulizeni. Kuiuliza tu kunamfahamisha msimamizi kwamba kuna wanaoijua. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo hapa hapa Mombasa.

Wako pia wenye nyumba wanaodai kodi kwa njia nyingine kwa mjane aliyechelewa mwezi mmoja. Wako mabosi wanaoingia chumba cha dada wa kazi usiku. Huyo dada yuko mbali na kwao, Kwale au Kilifi ndani huko, na nauli yake iko mfukoni mwa yule yule anayemsumbua. Jirani wa ukuta kwa ukuta ndiye jamaa yake wa pekee mjini. Mkumbukeni.

Watoto hawaji kukwambia kwa mstari ulionyooka. Mtoto wa kiume aliyekuwa akikimbilia mazoezi ya mpira sasa anaumwa na tumbo kila siku ya mazoezi. Msichana aliyekuwa akitumwa dukani kwa furaha sasa anazunguka njia ndefu, au anataka mdogo wake aende naye. Aliyeacha kukojoa kitandani ameanza tena. Ana pesa, ana simu mpya, na hasemi aliyempa. Hakuna ishara hata moja ya hizi inayothibitisha kitu peke yake, lakini kila moja inadai mtu mzima aketi chini, afunge mlango, aseme, "Niambie lolote, sitakugombeza." Kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Sisi watu wa Pwani tunapenda kusema.

Nasisitiza hao wa kiume, kwa sababu tunawaficha zaidi. Mvulana akishikwashikwa na mtu mzima, nyumbani huambiwa ajikaze, eti atamwoa nani akijulikana, au atachekwa barazani. Sheria ya 2006 haimbagui. Mtoto wa kiume ni mtoto. Nambari ya simu ya msaada 116 ni ya watoto wote, haina malipo, na mtu mzima pia anaweza kuipiga kwa niaba ya mtoto.

Basi umeambiwa. Mtu yuko mbele yako, sauti inakatika. Dakika zile za mwanzo ufanye nini?

Muulize kwanza kama yuko salama usiku huu. Mwachie aseme kwa mpangilio wake. Usimuulize kwa nini alipita pale, kwa nini hakupiga kelele, kwa nini amekawia kusema. Woga humfunga mtu kinywa na miguu, na wengi hukawia kusema kwa miezi, hata kwa miaka. Usimpigie mshukiwa simu "kusikia upande wake." Nimeona simu moja ya aina hiyo ikimpa mtu nafasi ya kufuta ujumbe, kuwaonya rafiki zake na kupanda basi la usiku. Usilipeleke jambo kwenye kundi la WhatsApp la familia. Na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, hasa akiwa mtoto, kwa kuwa ahadi hiyo hutaweza kuitimiza. Mwambie utamwambia mtu anayeweza kusaidia, umtajie ni nani.

Ikiwa ameingiliwa kwa nguvu, hospitali kwanza, na muda unakimbia. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo bora. Za kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Asioge, ingawa najua kuoga ndilo jambo analolitamani kuliko yote. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, au zifungwe kwa gazeti, maana mfuko wa nailoni huzivundisha na kuharibu ushahidi. Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, ina kituo maalumu cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Matibabu hayo katika hospitali za umma hayalipiwi, na hayangoji karatasi ya polisi. Ukiambiwa uanzie kituoni ndipo mgonjwa atazamwe, kataa kwa heshima, uombe kuonana na mkubwa wa zamu.

Sasa nifike mahali ambapo baadhi ya wazee wangu hawatafurahi nami. Nitasema kwa adabu zote, lakini nitasema.

Kikao.

Jambo likijulikana, familia mbili hukaa. Wazee huitwa. Kahawa hutengwa. Husemwa maneno mazuri juu ya ujirani, juu ya damu, juu ya kusitiriana. Hutolewa pesa, au mbuzi, au ahadi ya ndoa ikiwa binti ameshika mimba. Fatiha husomwa, watu hupeana mikono. Na yeye aliyetendewa hayumo kikaoni. Wakati mwingine ndiye aliyetumwa kuleta hiyo kahawa. Aliyemtenda yuko pale amevaa kanzu safi, anaitwa mwanangu. Kesho watakutana kwenye uchochoro ule ule, na huyo mwenye kanzu ameshajua bei.

Nawajua wazee wetu. Nia yao ni kuzuia fitina, na mitaa yetu ingekuwa imevunjika siku nyingi bila wao katika mambo ya mipaka, madeni na ugomvi wa watoto. Jambo hili halimo katika mamlaka yao. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kiliuondoa uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka mikononi mwa polisi wa kituo, kikauweka kwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 mamlaka ya mashtaka yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Naye pia hawezi kuondoa kesi mahakamani bila idhini ya mahakama. Basi ikiwa mkuu wa kituo hana ruhusa ya kulifuta, baba mdogo ataipata wapi? Kuna wanaoniambia, tutalipeleka kwa Kadhi. Namheshimu Kadhi. Katiba, ibara ya 170, imempa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Jinai haimo. Masheikh wetu wanalijua hilo vizuri, na nawaomba walitamke mimbarini.

Wazee wana kazi nyingine, kubwa. Mzee anaweza kutoka hadharani akasema familia hii isitengwe, watoto wao wasizomewe, duka lao lisisusiwe. Anaweza kumwita mjomba wa mshukiwa akamwambia, nikisikia umekanyaga mlango wa shahidi nitakwenda kituoni mwenyewe. Hakuna msaidizi wa kisheria anayeweza kufanya hivyo na akasikilizwa kama mzee anavyosikilizwa. Hilo ndilo ninalowaomba.

Na nasema upande wa pili pia, kwa kuwa haki ina pande mbili. Kuripoti si kuhukumu. Mtu akitajwa, asipigwe, asichomwe, nyumba yake isivunjwe, picha yake isizungushwe kwenye simu. Nimeona kesi nzuri ikiharibika kwa sababu kundi la vijana lilimjeruhi mshukiwa, mashahidi wakageuka washtakiwa. Apelekwe, ajibu, mahakama iamue.

Kituoni. Uliza dawati la jinsia, yaani meza ya polisi wanaoshughulikia mambo haya. Eleza, lakini usitoke bila nambari ya OB, yaani nambari ya kitabu cha matukio. Bila hiyo, kwa maandishi hukufika pale. Mama mmoja niliyefuatana naye aliambiwa kaunta, "Nendeni mkasuluhishane nyumbani, hayo ni mambo ya jirani." Tulikaa kwenye benchi. Hatukupiga kelele, hatukuondoka. Kila afisa aliyepita tulimwamkia, tukamwambia tunangoja nambari ya OB. Jioni nambari ilipatikana. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha aliyoyaona, hutolewa bure, usikubali kuuziwa. Mkuu wa kituo akikataa, yuko mkubwa wake, na iko Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, yenye ofisi hapa Mombasa. Aliyekutendea akiwa ni polisi mwenyewe, anzia huko. Wapo pia mawakili wa FIDA, chama cha wanasheria wanawake, wenye ofisi mjini hapa, ambao wamewasimamia wanawake wengi wa Pwani wasio na uwezo. Na usiku, ukiwa hujui uanze wapi, piga 1195, nambari ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Haina malipo.

Wengine hunong'ona, nikiripoti na nikashindwa kesi, si nitafungwa mimi? Hofu hiyo ina asili yake. Sheria ya 2006 ilipopitishwa ilikuwa na kifungu cha 38, kilichosema anayetoa shutuma za uongo apewe adhabu ya kosa lile lile alilomzulia mwenzake. Watu waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2012. Khofu ndiyo haijaondoka, na wako wanaoieneza kwa sababu inawafaa.

Simu. Nitapita haraka, vijana mnaijua kuliko mimi. Picha ya faragha ya mtu ikisambazwa bila idhini yake, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaweka faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka miwili. Sheria hiyo inamgusa kila aliyeisambaza, siyo yule wa kwanza tu. Ukitumiwa, usiipeleke mbele hata kwa kusema "oneni aibu hii." Anayetishiwa asifute ujumbe kwa hasira. Aupige picha ya skrini, nambari na tarehe vionekane, kisha ndipo amzuie. Na wazazi, binti akija kukwambia picha zake zinatembea, usimnyang'anye simu. Ndani ya simu hiyo ndimo mlimo ushahidi.

Kisha yuko yule anayefuatwafuatwa na mume waliyeachana, au mchumba aliyekataliwa. Anamngoja nje ya kazi, anapiga simu mara hamsini, anaulizia kwa majirani saa anayotoka. Hili tusilipuuze kabisa. Mwezi Januari 2024 watu waliandamana nchini, na hapa Mombasa pia, kwa ajili ya wanawake waliouawa. Katika mauaji ya namna hiyo, mara nyingi muuaji ni mtu aliyejulikana nyumbani, na vitisho vilitangulia. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inahesabu kumfuatafuata mtu na kumbughudhi kuwa ukatili, hata baina ya waliokwisha kuachana. Mahakama ya hakimu inaweza kutoa amri ya kumzuia asimkaribie, na kuivunja amri hiyo ni kosa. Jirani, ukimwona mtu huyo amesimama tena pale kwenye mwembe, andika saa. Daftari lile lile.

Nimalizie na mahakama, kwa sababu huko ndiko tunakowaachia njiani. Mwezi Machi 2022 Jaji Mkuu Martha Koome alizindua Shanzu mahakama maalumu ya kesi za ukatili wa kingono na kijinsia, ya kwanza nchini. Shahidi aliye dhaifu anaweza kutoa ushahidi asimwone mshtakiwa, au kesi ikasikizwa faraghani. Hayo ni mazuri. Lakini kutoka Majengo mpaka Shanzu ni nauli, kwenda na kurudi, ya shahidi na ya anayemsindikiza, na kesi huahirishwa. Mama anayeuza mboga Kongowea akikosa soko siku moja, watoto hawali siku hiyo. Akienda mara ya tatu akaambiwa njoo mwezi ujao, mara ya nne haendi. Mshtakiwa analijua hilo, naye anangoja. Kesi hizo haziwezi kuitwa za uongo. Zimekufa kwa kukosa nauli ya matatu.

Kwa hivyo nina maombi mawili, nayo ni ya leo leo. La kwanza, mtaa huu uwe na mfuko wa nauli, usimamiwe na watu watatu mtakaowachagua wenyewe, mmoja kutoka msikitini, mmoja kutoka kanisani, na mmoja mama wa soko. Pesa zitoke kwa risiti, jina la aliyesaidiwa lisiandikwe, iandikwe nambari ya kesi tu. La pili, nataka wasindikizaji, wanawake na wanaume, watakaokubali kuketi na mtu hospitali usiku, kituoni, na pale Shanzu mpaka jina lake liitwe. Hakuna elimu inayotakiwa. Linalotakiwa ni mtu anayeweza kukaa kwenye benchi asichoke, na anayeweza kufunga mdomo akirudi.

Madaftari mawili yako pale mezani karibu na mlango, moja la mfuko, moja la wasindikizaji. Anayetaka kuonana nami peke yake, chumba cha nyuma kina mlango wake wa uchochoroni, hutapita mbele ya watu. Nitakuwepo mpaka adhana ya Magharibi, na kesho asubuhi pia baada ya saa tatu.

Sasa maswali. Tuanze na kina mama waliokaa nyuma.